Tiketi Mbili za Mwanza

Korogwe,
6 Septemba 2023

Dada yangu Yasinta,

Shikamoo dada. Natumaini hujambo na mama anaendelea kupata nafuu. Huku kwangu wazima, isipokuwa shemeji yako kifua kinambana tangu wiki iliyopita.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Tangu Ijumaa nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu umenikatia. Nimeona bora niandike, nimpe Denis, yule konda wa kosta ya Handeni. Barua huwezi kuikatia katikati.

Sina lawama. Harusi ya mdogo wetu Isaka imepita bila mama na bila mimi. Nilimsubiri mama stendi na begi langu tangu saa kumi na mbili asubuhi, kama tulivyopanga. Uliponipigia kwamba presha imempanda, nikaliacha begi kwa mama ntilie, nikapanda gari la kwanza kuja huko. Ndege ya Mwanza ilipaa kutoka Kilimanjaro saa tisa mchana, mimi na wewe tukiwa tumekaa kando ya kitanda cha mama. Ndivyo Mungu alivyopenda.

Sasa kuna jambo. Isaka ameomba shirika la ndege limrudishie nauli. Tiketi mbili, kwenda na kurudi, ni milioni moja na elfu arobaini. Wamemjibu kwamba tiketi zilikuwa za bei ya chini. Abiria asipotokea uwanjani nauli imepotea, na hata ile ya kurudi inafutwa. Watarudisha kodi na ada za uwanja tu. Ila kama abiria aliugua, akawa na cheti cha hospitali chenye muhuri na tarehe ya siku ya safari, wanarudisha karibu yote, yake na ya anayemsindikiza. Mwisho wa kupeleka ni tarehe thelathini mwezi huu.

Kwa hiyo naomba cheti cha mama cha tarehe mosi. Isaka amesema pesa ikirudi, anamkatia mama tiketi nyingine kabla ya Krismasi, akaone nyumba yake, amwone na mkwewe Yuditha. Mama ana miaka sabini na sita, dada. Mwakani si wetu.

Mpe Denis, atanifikishia.

Mdogo wako,
Dorkasi


Handeni,
11 Septemba 2023

Mdogo wangu Dorkasi,

Marahaba. Mama hajambo, jana kala ugali akaomba wa pili. Shemeji mpe pole, mchemshie tangawizi. Sisi huku jua ni hilohilo na maji tunanunua kwa ndoo.

Barua nimeisoma. Nashukuru kwa kunitajia bei, maana hakuna aliyewahi kuniambia. Milioni moja na elfu arobaini! Kwa cherehani yangu hizo ni sare za shule za kata nzima.

Cheti sina hapa karibu. Nitaangalia.

Lakini umeanza kuandika, acha na mimi niandike. Baba alipofariki kule kwenye mkonge, Isaka alikuwa hajaota meno. Nani aliacha shule darasa la sita ili ambebe? Nani aliuza mkaa mpaka ninyi wawili mkavaa soksi? Leo kijana anaoa, anasema uwezo wake ni tiketi mbili, ya mama na ya mtu wa kumshika mama mkono. Na huyo mtu ni wewe! Mkono huo ninaushika mimi kila siku ya Mungu, Dorkasi. Ninaushika kwenda bafuni, ninaushika kwenda kanisani. Ila wa kupanda ndege ni mwalimu, anayejua viwanja.

Ulinirushia picha ya tiketi kwenye simu. Jina la mama kwa herufi kubwa, na chini yake la kwako. Niliipanua picha ile kwa vidole, nikaitafuta pande zote kama kuna jina la tatu. Kitenge cha sare ya harusi nilikuwa nimeshanunua, nimeshakishona.

Na hiyo pesa ikirudi, safari ya pili ataandikwa nani?

Ni mimi dada yako,
Yasinta


Korogwe,
15 Septemba 2023

Dada Yasinta,

Shikamoo. Tangawizi imemsaidia shemeji yako, anakushukuru. Salimia mama.

Karatasi nzima umejaza, na cheti umekipa maneno mawili. Nitaangalia! Unaangalia nini? Mtu presha ikimpanda mpaka akashindwa kusafiri, si anapelekwa hospitali? Nitajie hospitali, nije mwenyewe nipange foleni.

Kuhusu hayo mengine: unadhani ni wewe tu unayeumia? Wewe una mama. Mimi nikija na vitenge vyangu na sukari yangu, mama anavipokea, halafu anasema, “Ngoja Yasinta aje avione.” Nikimpikia chai anaonja, anaweka kikombe chini. Chai ni ya Yasinta. Nikimwuliza mguu unaumaje, ananiambia, “Muulize dada yako.” Nimesoma mpaka chuo, ninaheshimika Korogwe nzima, lakini nikiingia nyumba ile mimi ni mgeni anayesubiriwa aondoke. Nilitaka siku nne, dada. Siku nne Mwanza mama akiwa wangu, akihitaji kitu aniite mimi.

Haya, nimesema. Zimebaki siku kumi na tano. Leta cheti.

Mdogo wako,
Dorkasi


Korogwe,
24 Septemba 2023

Dada,

Shikamoo. Denis ameniapia kwamba barua alikukabidhi mkononi, na kwamba uliisoma umesimama hapohapo kwenye mlango wa gari. Zimebaki siku sita. Isaka ananipigia kila jioni. Nimwambie nini?

Dorkasi


Handeni,
27 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima. Naandika nikiwa dukani, sitaki anione uso.

Jana nilikwenda zahanati kwa daktari Sufiani, nikamwomba aniandikie cheti cha mama cha tarehe mosi. Akaniuliza, “Mlimleta siku hiyo?” Nikamwambia hapana, alilala nyumbani. Akasema, “Mama, ugonjwa ambao sikuuona siwezi kuuandika.” Nikamlilia. Nikamwambia ni nauli ya ndege, ni pesa nyingi. Akataka kadi ya kliniki. Akaifungua, akaweka kidole kwenye tarehe thelathini Agosti, siku mbili kabla ya safari. Presha mia na ishirini na nane. Akacheka kidogo, akasema, “Huyu angeweza kwenda Mwanza hata kwa miguu.”

Cheti hakipo, Dorkasi, kwa sababu ugonjwa haukuwepo.

Alhamisi ile jioni mama alivaa viatu vipya akawa anatembea navyo sebuleni ili avizoee. Akaniuliza, “Ndege ina choo?” Kabla sijajibu akasema, “Dorkasi atajua.” Mkanda ule wa kujifunga unafunguliwaje? Dorkasi atajua. Tukitua tunashukia wapi? Dorkasi atajua. Mimi nakunja nguo zake, napanga dawa zake, nasikia jina lako tu, mpaka nikahisi nimemezwa na ukuta. Nilikuwa nimemfulia hata leso ya wewe kumfutia jasho huko.

Alfajiri nikaleta mashine ya presha. Akaninyooshea mkono kama mtoto. Ikaandika mia na thelathini na moja. Nikamwambia, “Mama, mia na tisini. Usafiri huu utakuua.” Mama hajui kusoma namba. Hakuuliza mara mbili. Alivua viatu mwenyewe, akaviweka chini ya kitanda, akajilaza akageukia ukutani. Ndipo nikakupigia. Ulipofika ukataka kumpima, nikakwambia betri zimekwisha. Betri nilizitoa mimi.

Siku ya harusi Isaka alituonyesha kanisa kwa simu. Mama aliishika simu kwa mikono yote miwili mpaka ikazima chaji.

Mwambie Isaka unavyotaka.

Dada yako,
Yasinta


Korogwe,
19 Oktoba 2023

Dada Yasinta,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri wewe na mama. Sisi tupo.

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Wiki ya kwanza nilitamani nije Handeni nikuaibishe mbele ya wateja wako. Nilifika hadi stendi, nikarudi. Utajua kwa nini.

Kwanza pesa. Tulijaza fomu ile tarehe ishirini na tisa, nafasi ya cheti tukaiacha wazi. Isaka nilimwambia tu kwamba mama hakupelekwa hospitali. Wamerudisha kodi na ada za uwanja za tiketi zote mbili: laki moja na elfu kumi na mbili. Zilizobaki ndiyo basi. Isaka amesema hizo ni za mama, juzi amemtumia kwenye kile kisimu chake cha kitochi. Ya kumkatia ndege nyingine hana tena, labda mwakani, labda mwaka mwingine.

Sasa la pili. Isaka hakunichagua mimi. Mwezi Julai alinipigia akasema, “Nataka dada Yasinta ndiye aje na mama, yeye ndiye aliyenilea. Nisaidie majina yao yalivyo kwenye vitambulisho.” Nikamwambia kitambulisho chako cha taifa hakijatoka, na uwanjani hawatakupitisha. Kitambulisho chako kilitoka mwaka juzi, dada. Mimi ndiye niliyekusindikiza kukichukua. Isaka akasikitika sana, kisha akasema, “Basi njoo wewe.” Nikamtajia jina langu herufi kwa herufi.

Jina ulilokuwa unalitafuta kwenye ile picha mimi ndiye niliyelitoa. Ningekuja kukuaibisha kwa mdomo gani?

Nisamehe kama unaweza. Usipoweza nitaelewa.

Mdogo wako,
Dorkasi


Handeni,
30 Oktoba 2023

Dorkasi,

Marahaba. Sisi wazima, mvua ya kwanza imenyesha jana.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikaitupa jikoni. Bahati yako moto ulikuwa umezimika. Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, na ubaya wake ni kwamba kila nikitafuta tusi la kukupa naona linanifaa na mimi.

Jumamosi nikamweleza mama yote. La kwangu nikaanza nalo, la kwako nikamsomea. Alikuwa anachambua maharage, hakuacha. Nilipomaliza akasema, “Kwa hiyo sikuwa naumwa.” Nikasema hukuwa unaumwa, mama. Akasema, “Miezi miwili nimekuwa naogopa kuinama.”

Tulimaliza kula. Akaingia chumbani, akatoka na kitochi, akaniambia nimsomee salio. Akaniuliza basi la Mwanza ni bei gani. Nikamwambia nauli ipo, nitafunga duka niende naye. Akasema, “Wewe hapana.” Nikasema basi Dorkasi. Akasema, “Na yeye hapana. Mmenivuta kama kanga, mmoja huku, mwingine huku, mpaka mmenichana. Nitakwenda na miguu yangu.”

Anaondoka Alhamisi. Atakuja na kosta ya kwanza hadi Korogwe, apande hapo basi la Tanga linalokwenda Mwanza, saa mbili asubuhi. Isaka atampokea. Nauli aliyonayo ni ya kwenda. Ya kurudi amesema anajua mwanawe. Amekuruhusu uje kumsalimu, ila usipande ndani ya basi. Mimi amenikataza hata kumsindikiza. Nitafika mlangoni tu.

Dada yako,
Yasinta


Korogwe,
2 Novemba 2023

Dada yangu Yasinta,

Shikamoo. Najua leo nyumba ni kubwa kwako, kwa hiyo naandika nikiwa hapahapa stendi nimpe Denis kabla gari halijageuza.

Mama amepanda salama. Alinipa mkono nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza wanafunzi hawajambo. Nilitaka kumbebea begi akalihamishia mkono wa pili. Nikasimama chini ya dirisha lake. Nilikuwa nimemletea karanga na maji; maji alipokea.

Amekaa na mwanamke mmoja wa makamo anayekwenda Singida, hata jina silijui. Dada, kabla basi halijatoka walikuwa wameshazoeana. Yule mwanamke akamfunga mama mkanda, akamtengenezea kiti. Mama akafungua mfuko wake, akatoa chapati zako, akakata nusu akampa. Nikamsikia kwa masikio yangu anamwambia, “Kula mwanangu, njia ni ndefu.”

Mwanangu! Nilimwonea wivu yule mwanamke. Nilitamani nimshushe kwa nguvu. Basi likaondoka, mama akapunga mkono mara moja, sijui kama ni kwangu au kwa Korogwe. Nikabaki nimesimama na karanga zangu, nikawa nawaza, jambo hili nimweleze nani? Mume wangu atacheka. Isaka hawezi kujua. Duniani kote nimeona kuna mtu mmoja tu ambaye nikimwambia ataumwa palepale ninapoumwa mimi.

Kesho nikitoka darasani ninakuja. Nitalala mpaka Jumapili kama utanifungulia.

Mdogo wako,
Dorkasi