Kwa Nini Siwezi Kuja Kumuuguza Mama

Sanyuanli, Guangzhou,
China.
16 Machi 2025

Mpendwa kaka Benjamin,

Habari za Moshi? Shemeji Careen na watoto hawajambo? Mama je, ule mkono wa kulia umeanza kushika kikombe? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Shemeji yako Protas anajikaza; bado anakwenda hospitali kila wiki kusafishwa damu, maana figo zake zimegoma kabisa.

Umeniuliza kwa nini siji kumuuguza mama. Acha nikueleze, usije ukadhani nimewasahau.

Ofisi yetu ya kusafirisha mizigo haijatukatia bima popote. Bosi wetu Nassor, Mzanzibari, hulipa matibabu yetu kutoka mfuko wa ofisi. Aliye kazini hutibiwa pamoja na mwenzi na watoto wake. Ukiacha kazi, au ukichukua likizo ndefu, basi. Protas anaishi kwa mfuko huo. Ningekuja naye, lakini daktari hamruhusu kupanda ndege.

Mwezi uliopita mwenzetu Auma alijifungua kabla ya wakati. Mtoto ametoka salama, ila bili yake ilikausha karibu mfuko wote. Nassor akahangaika kutafuta bima mtawanyo, yaani kampuni ya kusimama nyuma ya mfuko na kubeba bili nzito. Sote tuliomba ipatikane.

Jumatatu niliingia kwake kuomba likizo nije huko. Kabla sijafungua mdomo, akanionyesha kiti.

"Agripina, wamekubali kutubeba sote, ila mumeo wamemkataa. Wanasema yeye ni mgonjwa tayari."

Nikaanza kulia.

"Usilie, dada yangu. Maadamu upo hapa kazini, Protas nitamlipia mwenyewe."

Nilimshukuru, kaka, tena kwa moyo wote. Lakini habari ya likizo ningeianzaje tena? Nikarudi kupima maboksi.

Protas haachi kunisukuma: "Nenda kwa mama, mimi nitajua la kufanya." Namjua, akiambiwa ukweli ataacha matibabu ili niwe huru. Basi nikamwambia nimeomba likizo, Nassor amekataa. Sasa anamchukia mtu anayemweka hai, na mimi nakaa kimya.

Ukimpigia Protas simu, tafadhali, nawe sema hivyo hivyo. Mama mwambie nampenda, wala usimtajie nitakuja lini.

Nisalimie Careen, Humphrey na baba mdogo Joachim. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,
Agripina