Uzi wa Moo Kho

Jumapili, 3 Julai

Leo baada ya kanisa Kler Taw kaniambia tunahama. Neno lenyewe hakulitamka. Alisema, "Mama, tumefikiria." Mtoto nimemzaa mimi, nikamvusha mto kwa mgongo wangu, nikamtafunia wali alipokuwa hana meno. Leo yeye na mkewe wamefikiria. Mimi nilikuwa jikoni nakatakata majani ya choya.

Mji wenyewe Kinnabool. Uko bara kabisa, mbali na bahari, saa tano za gari kutoka hapa Werribee. Ngano tupu. Kuna kiwanda cha kuchinja bata. Wakareni wenzetu, wakimbizi kama sisi, wameshakwenda, wamepata nyumba zenye uwanja, na mwenye kiwanda anataka watu wenye familia, watu wa kukaa. Kler Taw hapa kazi zinamponyoka tu, leo kufagia ofisi, kesho hakuna. Na mkewe Eh Paw tumbo limeshamtangulia mlangoni, miezi saba.

Nikamwambia: nilihamishwa na askari walipochoma kijiji. Nikahamishwa na mto. Kambini nikahamishwa na watu wa makaratasi, wakanitia kwenye ndege. Sasa nihamishwe na bata?

Eh Paw akacheka, akaziba mdomo. Mumewe hakucheka.

"Twende tuone tu, Mama. Kuona si kuhama."

Kuona ni nusu ya kuhama. Kambini nako tulikwenda kuona tu, mpaka mambo yatulie. Nikaota mvi huko.

Jumatano, 6 Julai

Siongei nao. Eh Paw nampikia, namkanda miguu jioni, lakini siongei. Mguu wa mjamzito hauna kosa.

Asubuhi nilikuwa uani. Concetta, jirani yangu Mwitaliano, kanipitishia malimau juu ya uzio. Nami nikampa choya ya mwisho kabla baridi haijaimaliza. Hajui hata neno moja langu, mimi sijui lake, na tangu nije hapa hatujawahi kukosa la kusema. Nikamwonyesha kwa mkono: sisi — mbali — kule. Akaelewa. Akatukana. Matusi nayatambua katika lugha yoyote.

Jumamosi, 16 Julai

Tumekwenda kuona. Mgongo umekatika.

Njia ni moja, imenyooka kama uzi wa mfumaji, na kando yake hakuna kitu. Sisemi kuna kidogo. Hakuna. Halafu maghala ya ngano, marefu kuliko kanisa. Halafu mji. Barabara pana ya kupitisha ng'ombe mia, na ng'ombe hata mmoja hapiti. Maduka mengine yamefungwa, vioo vimepakwa vumbi. Nikauliza, watu wamekufa? Kler Taw akasema wako kwenye mpira.

Tulipokewa na mama mmoja wa pale, Glenys. Mzee mwenzangu, miguu mirefu, sauti ya kuita mbuzi. Ananipigia kelele kama kiziwi. Kaleta keki yenye malai ya kuogelea. Katuonyesha shule, katuonyesha zahanati, katuonyesha bwawa la kuogelea ambalo halina maji mpaka joto lije.

Nikamwambia Kler Taw: muulize watu wao wanawazika wapi.

"Mama, jamani."

"Muulize. Nyinyi mmekuja kutazama pa kuishi. Mimi nitazame changu."

Akauliza, masikio yamemwiva. Nilijua atalilainisha swali, maana langu lilikuwa fupi na lake likawa refu. Lakini yule mama hakushtuka. Katutia garini moja kwa moja mpaka makaburini. Ardhi nyekundu, miti ya magamba, upepo. Kanionyesha kaburi la mumewe, akapigapiga ardhi kando yake kwa kiatu: hapa pangu. Halafu akaonyesha kule kwenye uzio: nafasi ziko tele. Nilimpenda hapohapo. Sikumwonyesha.

Nyumba tuliyoonyeshwa ni nzuri. Lazima niandike kweli. Vyumba vitatu, jiko lina dirisha la mashariki, uwanja unatosha kulima choya, maboga, na pilipili za kuuza mpaka kanisani. Nilichota udongo nikauweka ulimini. Una chumvi kidogo. Samadi ya bata ingeutuliza.

Kisha tukaenda kunywa chai kwa Wakareni. Wanawake wote wamenikumbatia, wananiita Bibi, Bibi. Mmoja, mwenye mdomo usiofungika, akasema: "Hapa huna shida, Bibi, tuna mzee wa kutufunga nyuzi mikononi Agosti, roho zisitupotee. Bibi Moo Kho. Leo anaumwa miguu, ndiyo maana hajaja. Ulikuwa naye kambini, si ndiyo?"

Kler Taw alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

Alikuwa anajua. Mwanangu alikuwa anajua.

Sikumaliza chai.

Jumapili, 17 Julai

Sikwenda kanisani. Mungu anajua nilipo.

Mimi sikusoma. Herufi alinifundisha mume wangu, Baba Kler, kwa mkaa, juu ya mwanzi, jioni za kambini. Alikuwa akiniambia andika chochote, hata matusi, ili mkono usisahau. Basi leo naandika.

Walitoka wawili kwenda kukata mianzi nje ya kambi. Baba Kler na mume wa Moo Kho. Wangu alirudi begani kwa watu, amekanyaga bomu. Wa Moo Kho alirudi kwa miguu yake.

Siku tatu maiti ikalala nyumbani, kama inavyolala. Watu wakakesha naye, wakaimba, wakacheza michezo ili asijione peke yake. Kambi nzima ilipanda ngazi ya nyumba yangu ya mianzi. Hata wale tuliogombana nao kisimani walipanda. Moo Kho, nyumba ya nne kutoka kwangu, tuliyekula naye chungu kimoja tangu wasichana, hakupanda. Mumewe hakupanda. Na hakuwa amelala. Taa yake nilikuwa naiona kwenye upenyo wa ukuta, inawaka mpaka kunakucha.

Mtu asiyekuja harusini unamsamehe. Asiyekuja msibani, huyo amekuzika na wewe.

Nikamuuliza Kler Taw kwa nini alinificha. Akasema nisingepanda gari. Ni kweli, nisingepanda. Akasema mume wa Moo Kho ameshakufa, yule bibi mwenyewe macho yana ukungu, ni zamani, Mama. Nikamwambia zamani ni ya aliyekosa. Aliyekosewa hana zamani.

Ijumaa, 22 Julai

Nimewaambia: nendeni. Mimi nabaki. Nitapanga chumba kwa Concetta, nitamlimia bustani.

Kler Taw kalia. Mwanamume mzima. Nimempikia uji.

Alhamisi, 4 Agosti

Eh Paw amenijia jikoni. Huyu msichana huwa hasemi, na ndiyo maana nikimsikia anavuta kiti najua kuna jambo. Alikaa, mkono juu ya tumbo, akanitazama nikitwanga pilipili.

"Mama, nikuulize. Mtoto akizaliwa kule, atafungwa uzi na nani?"

Nikaendelea kutwanga.

"Maana Kler anasema uzi haumo kwenye Biblia. Mimi nasema roho ya mtoto ikipotea njiani ataitafuta na Biblia yake. Lazima afungwe. Na mkubwa kule ni mmoja tu."

Nikamwambia ana roho mbaya kuliko anavyoonekana.

"Nimejifunza kwa nani," akasema. Akachukua mchi akanisaidia.

Nimewaza tangu saa hizo. Mjukuu wangu. Kifundo cha mkono kinachotosha kidole changu kimoja. Na vidole vya Moo Kho vinakizungushia uzi mweupe, vinaita roho yake, vinamtakia maisha marefu. Vidole vile.

Na jambo jingine, ambalo sijamwambia mtu. Hapa Werribee mkubwa ni mimi. Kila Agosti nafunga watu, watoto kwa wazee, mpaka vidole vinakakamaa. Mimi hakuna wa kunifunga. Mdogo hamfungi mkubwa. Tangu nishuke kwenye ndege kifundo changu ni kitupu. Roho zangu sijui ziko wapi. Moja nadhani iko mtoni. Moja iko kambini kwenye kaburi la Baba Kler, na ile siilaumu. Watu huniambia, Bibi mbona una hasira hivyo. Nusu yangu haijafika, hiyo ndiyo hasira.

Moo Kho amenizidi mvua moja ya umri. Tulipokuwa wasichana alikuwa akinitambia kwa hiyo mvua moja.

Nimekubali kwenda siku yao ya kufunga nyuzi. Nitamfunga Eh Paw mimi, kwa mkono wangu, mbele ya macho ya yule mwanamke, yawe na ukungu yasiwe nao. Kisha narudi. Kuhama sijakubali. Nimewaambia wasinicheke.

Jumamosi, 20 Agosti

Naandika nikiwa garini, nje ya ukumbi wao hapa Kinnabool. Gari letu hili bovu, la vioo vya kuzungusha kwa mkono. Daftari lilikuwa mkobani pamoja na tambuu. 

Ukumbi ulijaa. Meza zimepangwa sawasawa: maji ya baridi, nyuzi, wali wa kunata, ndizi, miwa. Miwa sijui wameitoa wapi katika nchi hii ya ngano. Glenys kavaa fulana yetu ya kufumwa, kaivaa nyuma mbele, anagawa ndizi, anapiga kelele. Kaja kunishika mabega kama tumekuzwa pamoja.

Moo Kho alikuwa amekaa kichwani pa meza. Amekuwa mdogo. Ameinama kama mwanzi wenye theluji — sijui theluji nimeitoa wapi, kambini haikuwako. Ameinama, basi. Foleni ya watoto mbele yake. Anashika kila kifundo kwa kupapasa.

Eh Paw akasogea. Moo Kho akanyoosha uzi. Nikasema, "Huyo ni wangu."

Aliijua sauti. Hakugeuza kichwa. Alinyoosha mkono upande wangu, uzi umening'inia, mpaka nikauchukua. Nikamfunga Eh Paw, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, nikaita roho yake na ya mtoto. Nilifunga vizuri. Nimekuwa nikifunga miaka yote hii.

Nilikuwa nageuka kuondoka. Akasema, polepole, kama anauliza bei ya chumvi:

"Na wewe unafungwa na nani?"

Nikatafuta mkoba wangu.  Glenys akaacha kugawa ndizi.

"Najua hakuna," akasema. "Mimi najua umri wako."

Akachukua mwiko. Akaanza kugonga ukingo wa meza, ko, ko, ko, kama mama zetu walivyogonga ngazi. Akaniita. Si mimi, roho zangu, kwa jina langu la utotoni ambalo hapa duniani hakuna mwingine alijuaye. Prrruu, rudi. Rudi kutoka kijijini, moto umezimika. Rudi kutoka mtoni. Rudi kutoka kwenye mianzi. Hapo akagonga, akagonga, kisha akasema: rudi kutoka nyumba ya nne, ambayo ngazi yake sikuipanda. Nilikaa na taa. Wangu alikuwa amekaa mbele yangu mzima, mikono miwili, miguu miwili. Ningepandaje na mume aliyerudi mzima nyuma yangu? Prrruu. Rudi, nimekosa, rudi.

Nikatoka. Kler Taw akanifuata, nikamwambia arudi ndani. Nikapanda gari, nikafunga mlango, nikapandisha kioo.

Niko humu tangu wakati ule. Wameshaanza kula, nasikia vyombo.

Na Moo Kho amenifuata. Ametoka akishika ukuta, hakuna aliyemwongoza, au amewakatalia. Amepapasa gari letu tangu taa za mbele mpaka mlango wangu. Sasa amesimama hapa. Mkono mmoja una uzi, mmoja una mwiko.  Hagongi. Glenys amekuja kumvuta akale, amesukumwa kwa mwiko. Glenys amekwenda kuleta kiti, Moo Kho kakikataa.

Upepo wa huku si wa mchezo. Unatoka huko kwenye ngano haujakutana na kitu. Sketi yake inapepea, miguu ni vijiti viwili. Ataanguka. Mjinga huyu, tangu msichana ni mjinga, ukimwambia ingia ndani anabaki nje. Ataanguka hapa na watasema mimi ndiye niliyemuua.

Nimezungusha kishikio kidogo. Kioo kimeshuka vidole vitatu. Amesikia, ameleta mkono kwenye upenyo. Hauingii. Wangu nao hautoki. Naweka kalamu chini nifungue mlango.