Jumamosi za Bukuru

Mjukuu wangu Zawadi,

Hapa Kasulu tu wazima, ila babu yako magoti yanamsumbua. Mama yako mdogo amejifungua salama, mtoto wa kike.

Unaniuliza kama uwaondoe vijana wa mtaani ukumbini kwako, uweke bendi inayojulikana. Biashara ya Mwanza siijui. Nitakwambia tu lililonipata.

Miaka ya sabini nilisimamia ukumbi hapa mjini. Kila Jumamosi alasiri Bukuru na wenzake kutoka Makere walipiga gitaa na kuimba kwa Kiha, na watu walijaa. Kisha ikaja bendi ya Kigoma mjini yenye vyombo vya umeme, nami nikaipa siku yao.

“Mama, sasa sisi tukapige wapi?” Bukuru aliniuliza.

“Pumzikeni kidogo,” nikamjibu.

Masika yakaharibu barabara, na wale wa Kigoma hawakurudi tena. Njia ilipokauka nikapanda lori hadi Makere kumwomba Bukuru arudi. Alinipokea vizuri, mkewe akanipikia maharage. Nilipotaja muziki, akanionyesha zizi la mbuzi. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa nyuzi za gitaa.

“Wenzangu wametawanyika, mama. Mimi nimeshazoea jembe.”

Ukumbi ukaja kuwa ghala la mahindi. Bukuru hakunikasirikia hata kidogo, akanisindikiza mpaka barabarani, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Wasalimie hao vijana wako.

Bibi yako,
Asteria