Aliyelipia Viti Vyetu

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanangu wote wawili. Nasikia mdogo amengʼoka meno ya mbele na hataki kucheka mbele za watu. Mwambie mama yake mdogo naye alipitia huko, na sasa hakuna wa kumnyamazisha. Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenihama. Nakuandikia kwa sababu simu yangu siiamini tena. Jirani yako muuguzi amemaliza semina yake huku na anarudi leo. Nimemsihi akupe barua hii wewe mwenyewe, mkononi.

Kazi yetu unaijua. Tuko watatu katika chumba kimoja juu ya duka la rangi: Mwanasheria, kiongozi wetu; Spika, tuliyempa jina hilo kwa sababu akinongʼona mtaa wa pili wanasikia; na mimi, ninayezunguka masokoni na vituo vya mabasi kueleza watu kwa nini mgombea anapaswa kutaja hadharani anayemlipia mabango, magari na fulana. Tunataka iwe sheria. Anayelipia kampeni, huwa nawaambia, ndiye atakayefanyiwa kazi baada ya kura.

Mwanzoni tulipata tabu tuliyoitarajia. Mchapaji alikataa vipeperushi vyetu akidai mashine imeharibika, nasi tunaisikia ikinguruma nyuma yake. Simu ziliita, ukipokea unasikia mtu anapumua tu. Mwenye nyumba aliacha kutusalimia. Hayo niliyazoea. Kilichonitia hofu ni pale yalipokoma. Mchapaji alitupigia mwenyewe kusema kazi iko tayari. Mwenye nyumba akapanda ngazi kuuliza kama paa linavuja. Spika alifurahi, akasema sasa wametuogopa. Mimi nilijiona kama mtu aliyefunguliwa mlango kabla hajabisha hodi.

Ndipo akaja Mkandarasi. Ndiyo, dada, huyohuyo mwajiri wa shemeji. Alikuja peke yake, akapangusa viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha Spika bila kukaribishwa. Akaniuliza habari zako. Akasema amesikia mwanao mkubwa anasumbuliwa na kifua, na kwamba zile nyumba za kampuni zina unyevu, atatuma mtu aiangalie yenu. Sikuwahi kumwambia kwamba nina dada. Mwanasheria akaniomba nikanunue sukari, na sukari ilikuwepo.

Niliporudi mgeni alikuwa ameondoka. Kesho yake rasimu ya muswada wetu ilikuwa imebadilika: wagombea watataja watu binafsi wanaowachangia, lakini kampuni zimeondolewa kabisa. Nilipomuuliza Mwanasheria, aliniambia kwamba wafadhili wetu wa zamani walijitoa mwaka jana, na tangu hapo kodi ya ofisi, mishahara yetu, hata viti tulivyokalia, vinalipwa na Mkandarasi. Alidhani angeweza kupokea hela zake bila kupokea maneno yake. Akalia, mwanamke ambaye sijawahi kumwona hata machozi yakimlengalenga. Kisha akajifuta, akasema tuipate sheria hii kwanza, mengine tutayadai baadaye. Spika alipoambiwa, alishuka ngazi. Hajarudi.

Jana kamati ya bunge ilituita. Mwanasheria aliisoma rasimu ile bila sauti kutetemeka. Mkandarasi alikuwa safu ya nyuma, amekunja nne kama mtu anayengoja zamu ya kunyolewa. Nilikuwa na hotuba yangu mfukoni, sikuitoa. Niliwaambia kwamba tunawauliza wagombea nani anawalipia, lakini hakuna aliyetuuliza sisi. Nikamtaja. Nikaeleza kampuni zimeondolewa kwa faida ya nani. Mwanasheria alinishika mkono chini ya meza, na mpaka sasa sijui alikuwa ananizuia au ananishukuru. Muswada umerudishwa kabatini. Wapo wanaosema nimeuua kwa mdomo wangu.

Sasa nifike kwenye neno lililonikalia kooni. Mwenyekiti wa kamati aliniuliza kama mimi mwenyewe nina uhusiano wowote na Mkandarasi. Ningeweza kusema sina. Lakini nimezunguka huku na huku nikiwataka wenzangu waseme. Ningefumbaje mdomo zamu yangu ilipofika? Nikasema mume wa dada yangu ni fundi wake mkuu wa magari. Nikasema na lile shemeji alilotusimulia alipokuja kututembelea, akiwa anacheka: kwamba malori ya kampuni hubeba watu kwenye mikutano ya wagombea wa pande zote mbili, na yeye ndiye huamriwa kulipaka rangi jina la kampuni lisisomeke. Sikumwomba ruhusa. Nimemtaja, dada, kwa jina lake kamili. Limeingia kwenye kumbukumbu za bunge, na kesho litakuwa magazetini.

Mkandarasi hakukasirika. Laiti angekasirika. Alinisubiri kwenye ngazi, akanipa mkono, akauacha mkono wangu ndani ya wake muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akasema, “Msalimie sana dada yako. Mwambie nitapita.”

Radhi yako nitaiomba tukionana, na ukinifukuza sitanungʼunika. Leo naomba jingine. Ukimaliza kusoma usifue, usipike, usiage jirani. Wachukue watoto, mpitie shemeji pale karakana hata kama zamu yake haijaisha, mwende kwa baba. Nyumba mnayolala ni ya kampuni, na kitasa chake kina funguo mbili. Ninyi mnao mmoja.

Wabusu wanangu. Salamu za wengine utawapa mkishafika.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye.