Diski Mbili, Alama Moja, na Upendo Aliyefukuzwa

Bibi Chausiku, shikamoo. Nina jambo limenikaba, mimi nina chumba cha kuchapa barua kwa kompyuta hapa Korogwe mjini, na mwaka jana niliogopa kompyuta isije ikafa na kazi za watu, nikanakili diski yote kwenye diski nyingine nikaiweka kabatini, baadaye mama yetu akaja akiwa mgonjwa nikamrekodi kwenye ile ya kwanza akitubariki kwa Kishambaa, hakukaa sana akafariki. Juzi nikataka kuifuta ile ya kabatini niifanyie kazi nyingine, nikazifunga zote mbili pamoja kwenye kompyuta, nikaamuru nakala ifutwe, ikafutwa yenye sauti ya mama, kumbe nilinakili mpaka ile alama ya ndani ambayo kompyuta huitambulia diski, zote zikawa na alama moja, kompyuta ikachukua isiyo yenyewe. Hayo aliniambia fundi baadaye, lakini kaka yangu Simeo alishafika anafoka, "Nani amemfuta mama?" nikajikuta nimesema ni Upendo, msichana anayenichapia, kaka akamfukuza mbele ya wateja, sasa yuko kwao Mpale na watu wanamwita mfuta marehemu. Nikisema kweli kaka atanikana, nikinyamaza silali. Nifanyeje?

Obadia, Korogwe

Obadia, shikamoo yako nimeipokea kwa shingo upande. Pole kwa mama. Pole imeishia hapo.

Mimi kompyuta naiona ikipita kwenye boksi tu, na shule niliiacha darasa la pili, lakini hilo lako nalijua. Hapa Kang'ata wanangu wawili kila mmoja alimpa mwanawe jina la babu yao, Mhina. Ukiita, "Mhina, njoo uchapwe!" anakuja asiye na kosa, mwenye kosa yuko juu ya mpera. Tukaanza kusema Mhina Mrefu na Mhina wa Shida, kwa jina la mama yake, yakaisha. Mwambie fundi akubadilishie alama, basi. Diski ulikosea kwa kutojua.

Ila Upendo ulimjua! Ulimtazama usoni ukamtaja. Mwanaume mzima unajificha nyuma ya binti wa watu, halafu unaniuliza kaka atakukana? Akukane. Sauti ya mama hairudi hata ulie mpaka Pangani ifurike, lakini yule msichana yu hai na anatukanwa kila akienda kuchota maji.

Panda Mpale na Simeo. Mwambie kweli njiani, kabla hamjafika. Kule sema mbele ya wazazi na majirani, kwa sauti ile ile uliyomtaja nayo Upendo, kisha urudi useme na kwa wateja wako. Usimwombe arudi kazini, akitaka atasema mwenyewe. Mama yake akikutukana, nyamaza. Akimaliza, mwamkie, uondoke.