Miche Niliyoipanda Jumapili

Mpendwa mshauri, naomba unisome hadi mwisho ndipo unihukumu. Mimi ni mwalimu wa sayansi darasa la nne, mwaka wa kumi na moja sasa, na siku zote nimeamini kwamba mtoto hajifunzi mmea kwa kuuchora ubaoni, kwa hiyo muhula huu niliwatoa nje tukalima kitalu nyuma ya madarasa, kila mtoto akapanda maharage yake na kuchomeka kijiti chenye jina, kila asubuhi wakawa wanapima kwa rula na kuandika daftarini, na kwa kuwa maji ya bomba ni ya shida nikawaambia wamwagilie yale yanayobaki baada ya kudeki, basi yakaota vizuri, wiki ya pili yakageuka manjano, ya tatu yakalala chini, na Jumatatu mkaguzi alikuwa anakuja na mwalimu mkuu alishamsifia kitalu chetu kupita kiasi, nami Jumapili nikaenda peke yangu, nikang'oa yote, nikapanda miche kutoka bustani ya dada yangu.

Mkaguzi alifurahi, akapiga picha, akaenda zake. Watoto walisema maharage yamefufuka. Tatizo ni binti mmoja tunayemwita Bi Rula, maana hupima hata vidole vya wenzake. Ijumaa alikuwa ameandika: "Sentimita nne. Umelala. Labda ni povu?" Jumatatu akapata kumi na moja. Akaketi, akafuta ya Ijumaa mpaka karatasi ikatoboka.

Nikamuuliza, "Mbona unafuta?"

"Nilikosea, mwalimu. Macho yangu hayaoni vizuri."

Tangu siku hiyo haandiki kitu kabla ya kuchungulia daftari la jirani. Naona aibu. Nikisema, mwalimu mkuu ataumbuka nami nitaitwa mwongo. Nikinyamaza, muhula unaisha mwezi ujao, watoto watasahau. Nifanyeje?

Mwalimu wa Kitalu

Mwalimu wa Kitalu, pole. Kumwogopa mkaguzi si dhambi, hata mimi nimewahi kufagia ofisi mara mbili kwa ajili ya mgeni. Ila usijifiche nyuma ya mwalimu mkuu, aliyeshika jembe Jumapili ni wewe. Eti watasahau. Wewe umemsahau mwalimu aliyekudanganya ukiwa darasa la nne? Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye kifutio cha mtoto.

Tena maji ya kudekia yana sabuni, ndugu yangu. Binti wa miaka kumi aliliona hilo, wewe hukuliona. Alikushinda, nawe ukamfanya ajione kipofu. Hilo limeniuma kuliko maharage.

Kesho kabla ya kengele mwite Bi Rula kitaluni, si ofisini. Mwambie: "Ulipima sawasawa. Mimi ndiye niliyebadilisha miche." Usiongeze "lakini". Kisha liambie darasa, na siku hiyohiyo mwambie mwalimu mkuu kabla wazazi hawajamfikia. Akikufokea, fokewa tu. Halafu pandeni mistari miwili mipya, mmoja maji ya bomba, mwingine maji ya kudekia, na rula ashike yeye. Mwezi unatosha.

Ule ukurasa uliotoboka asiuchane. Mwombe aandike nne kando ya tundu, kisha chukua kalamu yako nyekundu uweke alama ya vema.