Risasi Uliyoiacha Ndani ya Mtutu

Mpendwa Baba Minza,

Bastola yako nimeirudisha kituoni jana. Najua ungetaka kusikia hilo kabla ya salamu, ndiyo maana nimelitanguliza. Salamu zitafuata zikipata nafasi.

Watu wananiuliza naendeleaje, nawajibu kwamba vizuri, maana sina jibu jingine. Unakumbuka ulipong'olewa jino, mdomo ulivyokuwa baada ya sindano? Unaugusa, unajua ni wako, lakini haukuambii kitu. Niko hivyo mwili mzima tangu wenzako walipokuja na gari la kiwanda kuniambia umeanguka kando ya mashine ya barafu na hukuamka tena. Msibani sikulia. Dada yako mkubwa alisema nina moyo wa jiwe. Mimi nilikuwa nawaza kama sukari ya chai itatosha.

Ulipopunguzwa kazi kule kwenye pamba tulidhani ndiyo mwisho wetu. Kisha biashara ikafunguliwa, viwanda vya minofu ya sangara vikaota ufukweni, nawe na spana zako ukapata pa kushika. Huko ndiko ulikokutana na yule mzungu fundi mwenye ugonjwa wa bunduki za kale kama wako. Ulikuja nyumbani ukinieleza kwamba kwao watu wazima, wenye magari yao, huziacha bunduki za kisasa wakaenda kuwinda na silaha ya kushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, baruti kwanza, risasi baadaye, kwa starehe tu. Nilicheka sana. Baba yako kule Misungwi alikuwa na gobore la namna hiyo maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anastarehe.

Mzungu alipoondoka, bastola yake ya namna hiyo ikawa yako, na kibali kikabadilishwa jina. Ilikuwa nzuri, lazima niseme. Chuma cheupe kisichoshika kutu, mtutu mrefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi kiganja. Pale kituoni walibishana asubuhi nzima waiite nini, mwishowe wakaandika "gobore fupi". Ulirudi umenuna, ukasema wameitukana.

Kila Jumamosi ulinipeleka kwenye mawe nyuma ya nyumba, hapa Mkolani, ukapanga makopo. "Usimimine baruti toka kwenye chupa moja kwa moja, Mama Minza. Kipimo kwanza." Baada ya baruti, kitambaa chenye mafuta ya kondoo, juu yake gololi ya risasi, kisha unasukuma na mdeki, ule ufito wa kushindilia, taratibu mpaka chini. Mwisho kabisa ndipo unaweka fataki, kile kikombe kidogo cha kuiwasha baruti. Kwenye mdeki ulichora mistari miwili, mmoja wa kuonyesha mtutu mtupu na mwingine mtutu uliojaa, kwa sababu silaha hii haifunguliwi ukachungulia. Nilipolipata kopo kabla yako ukasema ni upepo. Kanga wa porini kule Misungwi nao, ambao hukupata hata mmoja wao, ukasema wanakufahamu kwa sura.

Kile kitenge changu cha njano chenye maua ya bluu, ulichoninunulia Mkuyuni kwa mshahara wa kwanza wa kiwandani, kilipotea sandukuni. Nikakuuliza. Hukuinua hata macho toka kwenye ugali. "Labda panya," ukasema. Nikaweka mitego chini ya kitanda, kila kona. Hakunasa panya yeyote.

Jumapili yako ya mwisho ulikwenda kumvizia ngiri aliyekuwa akifukua viazi vya mdogo wako Masanja. Ngiri hakutokea. Ukarudi, ukatoa fataki, ukaitundika bastola ukutani na mzigo wake ndani. Tukagombana. Nilisema silaha iliyoshiba isilale nyumba moja na mtoto. "Bila fataki ni bomba tu la maji," ukanijibu. Kisha ukaniletea ile sheria ya baba yako, kwamba risasi iliyoshindiliwa kwa ajili ya mnyama haipigwi kopo, inamngoja mnyama wake. Ukoo wenu una sheria nyingi za kuwasaidia kuahirisha mambo. Katikati ya wiki ile ndipo gari la kiwanda lilipokuja.

Baada ya arobaini askari alinieleza, kwa adabu kabisa, kwamba kibali kimekufa pamoja na mwenyewe. Niilete bastola Jumatatu, ikiwa tupu. Masanja akaja kunisaidia, kwa kuwa yeye ndiye aliyerithi gobore la baba na ana kibali chake. Akaingiza mdeki. Mstari wa mtutu mtupu ukabaki nje, upana wa vidole viwili.

"Ina kitu, shemeji."

"Najua."

"Basi tumimine maji, baruti ilowe. Risasi nitaivuta na skrubu ya kwenye mdeki, haisumbui."

"Hapana."

"Kwani kuna nini?"

"Ni yeye aliyeishindilia."

Akaketi kwenye kigoda chako. Nguo zako zimeshagawiwa, viatu anavyo yeye, spana kiwanda kimezichukua kwamba ni zake. Ile risasi ndiyo kazi ya mikono yako iliyokuwa imebaki haijaisha. Ikivutwa na skrubu itakuwa uchafu wa kutupa. Ikipigwa itakuwa imekwisha. Nilitaka ikae vilevile ndani, na askari alikuwa ananingoja Jumatatu.

Mwishowe nikamwambia twende Misungwi, nitaipiga mimi. Shambani tulikaa mchana kutwa pembeni ya viazi, tukila muhogo wa kuchemsha, tukimngoja ngiri wako. Hakuja. Masanja akasema hata mwaka jana alikuwa na tabia hiyo. Jua likaanza kuinama, nikasimama mbele ya kichuguu. Utanisamehe, lakini kichuguu si kopo.

Nikaweka fataki, nikavuta. Ikalia tak, basi. Mtutu nikauacha umeelekea kichuguuni, nikangoja kama ulivyonifundisha, na pale, Baba Minza, nikafurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kuhisi chochote tangu ufe. Nilisema moyoni, umekataa kutoka.

Fataki ya pili ikawaka.

Moshi ulinifunika kabisa, ule mweupe wenye harufu ya yai viza, harufu ya shati lako la Jumamosi. Ulipopungua nikaona kitu kinafuka kwenye majani, hatua chache mbele yangu. Ni kile kitambaa kinachofunga risasi, huwa kinadondoka njiani. Katikati kilikuwa kimeungua. Pembeni kilikuwa cha njano, na nusu ya ua la bluu.

"Panya," nikasema.

Masanja akashika jembe, akawa anatazama kwenye viazi vyake. "Yuko wapi?"

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kicheko kikageuka njiani, nikalia vile dada yako alivyotaka nilie, huku shemeji yangu amesimama na jembe hajui alipige wapi. Nilikulilia wewe na nilikulilia uongo wako. Miaka yote ile nakutegea mitego, nawe kila Jumamosi unanipeleka nyuma ya nyumba kunifyatulia kitenge changu mwenyewe.

Haikudumu. Tuliporudi Mkolani ganzi ilikuwa imesharudi mahali pake, na ndiyo ninayokuandikia nayo. Sikudanganyi.

Jana askari aliingiza mdeki, mstari ukafika mdomoni mwa mtutu.

"Tupu, mama."

"Ndiyo, afande. Tupu."

Minza hajambo, anakusalimu. Ananiuliza kwa nini ukutani kumebaki msumari mtupu, namwambia nitatundika kalenda. Kile kipande nimekirudisha sandukuni, pale pale kilipokuwa kitenge, hakijafuliwa, bado kinanuka moshi. Na mitego ya chini ya kitanda nimeiondoa yote.

Lala, baba. Kazi yako imekwisha.

Mkeo,
Mama Minza